Kakuro: anzia pale 16 inapokutana na 17

Ukiwa kwenye matatu ya Nakuru kwenda Kisumu na kakuro mkononi (fumbo la kujaza visanduku kwa tarakimu 1 hadi 9 ili kila mstari ufikie jumla yake), usianze kubahatisha kwenye mistari mirefu. Tafuta kwanza jumla zenye njia moja tu. Visanduku viwili vya jumla ya 16 ni 7 na 9 pekee, maana 8 na 8 haikubaliwi: tarakimu hairudiwi ndani ya jumla moja. 17 ni 8 na 9. Basi 16 ya kulala ikikatana na 17 ya kusimama, pale kwenye makutano andika 9 kwa kalamu ya wino! Papo hapo jirani zake wanakuwa 7 na 8. Hatua hii naipenda mno. 3 na 4 zikikutana, weka 1. Jumla kama 10 ina njia nne, kwa hiyo isubiri.