Somo: Kulipa matunzo ya mtoto, na la kufanya hela inapokatika

Somo hili ni la mzazi anayelipa matunzo au anayetakiwa kulipa, na sasa anaona mwezi unakaribia kuisha huku mfukoni hamna kitu. Anayepokea naye alisome, kwa sababu baadhi ya maswali yaliyo chini yametoka upande wake.

Shika hili kabla ya yote: amri ya matunzo haisimami yenyewe kwa sababu wewe umesimamishwa kazi. Kila mwezi usiolipwa unaandikwa kuwa deni hadi amri ibadilishwe. Nimeona wazazi wengi waliokuwa na sababu ya kweli kabisa, ugonjwa au kuachishwa kazi, wakafikishwa mbele ya hakimu kama watu waliotelekeza watoto, kwa kuwa tu walinyamaza.

Hatua ya 1: Jua unalipa kwa msingi gani

Kuna makubaliano ya mdomo, kuna makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa mbele ya afisa ustawi wa jamii au msuluhishi, na kuna amri ya mahakama. Ya mdomo mnaweza kuyarekebisha wenyewe mkikaa chini, lakini ni vigumu kuyathibitisha. Yaliyoandikwa, rudini mlipoyaandikia. Amri ya mahakama inabadilishwa na mahakama. Hata mzazi mwenzio akikwambia "usijali, lipa nusu tu", karatasi ya mahakama bado inakudai kiasi kizima.

Itafute amri yako uisome upya. Angalia kiasi, tarehe ya kulipa, njia ya kulipa, na kama ada ya shule na matibabu vimo ndani au vimetajwa peke yake. Watu hugombana miaka kwa jambo ambalo liko wazi kwenye ukurasa wa pili.

Jua pia kiasi kilivyofikiwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kwa mfano, inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, jambo lolote lililopunguza uwezo wa mlipaji kupata kipato, watoto wengine anaowahudumia, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kenya nako, Katiba ya 2010, ibara ya 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Mambo hayohayo yaliyopanga kiasi mwanzoni ndiyo utakayoyatumia kuomba kipunguzwe.

Hatua ya 2: Lipa kwa njia inayoacha alama

Tuma kwa simu au benki, na kwenye maelezo andika "matunzo" na jina la mwezi. Ukilazimika kutoa taslimu, chukua saini. Daftari dogo linatosha, lenye mstari kama huu: "Machi, matunzo, nimepokea kiasi chote", kisha saini ya aliyepokea na tarehe. Ukilipa ada moja kwa moja shuleni, tunza stakabadhi, na mwambie mzazi mwenzio kwa ujumbe ili ijulikane imetoka kwako.

Viatu vya sikukuu na zawadi ni mapenzi yako kwa mtoto, endelea navyo. Usivitegemee kufuta deni, labda kama amri yenyewe inavihesabu.

Hatua ya 3: Sema mapema, kwa maandishi

Usisubiri tarehe ya malipo ipite. Ujumbe hauhitaji kuwa mrefu wala wa kujitetea. Kitu kama hiki:

"Habari za leo, mama watoto. Mkataba wangu wa kazi umeisha mwisho wa mwezi uliopita na sijapata mwingine. Mwezi huu nitaweza kutuma nusu, nitaituma tarehe tano. Nakwenda ustawi wa jamii wiki hii kuomba turekebishe kiasi hadi nipate kazi. Bima ya mtoto nimeshailipia."

Ndani ya ujumbe huo mna hali halisi, kiasi, tarehe na hatua inayofuata. Hamna lawama wala kumbukumbu za ndoa. Utunze ujumbe huo pamoja na majibu yake, utauhitaji.

Hatua ya 4: Tuma ulicho nacho

Kama ni theluthi, tuma theluthi. Mtoto anakula nayo, na hakimu akikaa kutafakari kama umeshindwa au umekataa, hicho kidogo kinazungumza kwa niaba yako.

Hatua ya 5: Omba amri ibadilishwe, na uombe haraka

Hapa ndipo wengi wanapochelewa. Mtu anajipa moyo kwamba kazi itapatikana mwezi ujao, halafu ujao, na deni linarundikana. Kumbuka kwamba nafuu kwa kawaida hutazama mbele. Marekani, tangu mwaka 1986, sheria ya shirikisho hairuhusu malimbikizo ya nyuma yapunguzwe. Kinachoweza kubadilika ni kiasi cha kuanzia pale mwenzako alipoarifiwa kwamba umefungua maombi. Nchi nyingine zinampa hakimu nafasi zaidi, lakini hakuna anayekuhakikishia kufutiwa ya nyuma. Kwa hiyo siku unayowasilisha ombi ina thamani ya pesa.

Nenda kwenye mahakama iliyotoa amri, umwone karani, ueleze kwamba unaomba amri ya matunzo ibadilishwe. Beba nakala ya amri, barua ya kuachishwa kazi au cheti cha daktari, taarifa za benki au za miamala ya simu kwa miezi ya karibuni, orodha ya matumizi yako ya mwezi, kumbukumbu za ulizolipa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wengine unaowalea. Aliyejiajiri asiseme tu "biashara mbaya". Alete daftari la mauzo, au risiti za mzigo zinazoonyesha biashara ilikuwa wapi na sasa iko wapi.

Omba kiasi unachokiweza kweli. Anayeomba apunguziwe hadi karibu na sifuri huku ana gari jipya anajiharibia, na hakimu anaweza kuamua kwa kuangalia unachoweza kuzalisha, si unachosema unapata. Ukiacha kazi kwa makusudi ili usilipe, usitarajie nafuu.

Mabadiliko nayo yawe ya maana. Uingereza, chombo cha serikali kinachosimamia matunzo kwa kawaida hurekebisha hesabu katikati ya mwaka pale tu mapato yanapobadilika kwa asilimia 25 au zaidi. Kwingine haiwekwi namba, ila wazo ni lilelile.

Huna hela ya wakili? Tafuta msaada wa kisheria. Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na Tanzania ya 2017, ambayo inawatambua pia wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Waulize ustawi wa jamii, vyuo vikuu vyenye shule za sheria, au mahakama yenyewe.

Hatua ya 6: Deni likishakuwepo

Wito wa mahakama ukija, nenda. Kutokwenda ndiko kunakofungua mlango wa kukatwa mshahara, kukamatiwa mali, na hata kifungo katika nchi nyingi. Ukifika, weka mezani mpango: matunzo ya kila mwezi, na juu yake sehemu ndogo ya malimbikizo. Mpango mdogo unaotekelezwa unakulinda kuliko ahadi kubwa unayoivunja mwezi wa pili.

Maswali ya wazazi

*Mama wa mtoto amenizuia kumwona mwanangu. Naweza kusitisha malipo hadi aniruhusu?*

Hapana. Matunzo ni haki ya mtoto, na kumwona ni suala jingine lenye maombi yake. Endelea kulipa, kisha peleka ombi la kumwona mtoto. Ukisitisha, utafika mahakamani ukiwa wewe ndiye mkosaji.

*Nimeoa tena na nina mtoto mchanga. Kiasi kinapungua chenyewe?*

Hakipungui chenyewe. Ni sababu halali ya kuomba kiangaliwe upya, lakini mtoto wa kwanza hapotezi nafasi yake. Kwa maoni yangu ni sawa iwe hivyo.

*Mimi ndiye ninayepokea. Baba wa watoto kasema kazi imeisha, ametuma nusu. Nikiipokea, nimesamehe iliyobaki?*

Kuipokea tu si kusamehe. Mjibu kwa maandishi: "Nimepokea nusu ya mwezi huu, iliyobaki tutaizungumza." Usisaini karatasi inayosema umelipwa yote. Na kama unaamini kweli kazi imeisha, mhimize aende kuomba mabadiliko. Wewe nawe utapata kiasi unachoweza kukitegemea badala ya kukaa unasubiri simu.

*Baba yuko nje ya nchi na hajibu. Kuna njia?*

Ipo, inategemea nchi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 27, unazitaka nchi zisaidie kupata matunzo hata kutoka kwa mzazi aliye ng'ambo. Upo pia Mkataba wa Hague wa 2007 kuhusu matunzo ya watoto, ambao nchi wanachama wake hutekelezeana amri kupitia mamlaka maalumu. Uliza wizara inayohusika na sheria kama nchi yako na yake zimo, na kama hazimo, kama zina makubaliano mengine ya kutekelezeana hukumu. Anwani yake na jina la mwajiri wake, ukivipata, ni nusu ya kazi.

*Mtoto ametimiza miaka 18 na bado nina malimbikizo. Yamefutika?*

Usidhani hivyo. Deni lililoiva kabla ya hapo kwa kawaida linabaki. Tena kama mtoto bado yuko masomoni, mahakama inaweza kuendeleza matunzo kupita umri huo. Tanzania na Kenya zote zinaruhusu. Nenda na kumbukumbu zako za malipo, mkubaliane na karani jumla iliyobaki ni kiasi gani, kisha uombe kuilipa kwa awamu.