Kabla Hujanunua Nanasi: Maandalizi ya Mvinyo wa Kwanza Nyumbani

Wengi wanaojaribu kutengeneza mvinyo nyumbani huanza na tunda. Mtu hukutana na gari lililoshusha mananasi ya Kiwangwa kando ya barabara, bei ni nzuri, ananunua manane, na akishayafikisha nyumbani ndipo anapokumbuka kwamba hana chombo cha kuyatia. Nami nilianza hivyo hivyo, katika chumba cha kupanga kule Tabata, kwa juisi niliyoigawa katika chupa mbili za plastiki na hamira ya maandazi. Chupa ya kwanza niliikaza kizibo, ikapasuka usiku wa tatu na kuchafua dari pamoja na chandarua. Ya pili nikaiacha wazi kwa woga, na baada ya wiki mbili nilikuwa na siki nzuri ya kutilia kachumbari. Mananasi hayakuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni maandalizi, na katika jiji lenye joto kama Dar es Salaam maandalizi hayo yanapaswa kutangulia tunda.

Inafaa kwanza kuelewa kinachotokea ndani ya chombo. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili, kileo na hewa ya kaboni. Hewa hiyo si kidogo: kilo 1 ya sukari ikichachuka yote hutoa takriban lita 270, kwa hiyo chombo kilichofungwa kabisa lazima kitafute pa kupumulia. Kwa upande wa pili, kileo kikiachwa wazi huingiliwa na vijidudu vya siki, ambavyo vinahitaji hewa ya nje ili vifanye kazi yake, na ambavyo husafirishwa na wale vinzi wadogo wanaozunguka matunda yaliyoiva. Hewa itoke, lakini isiingie: vifaa vingi vitakavyotajwa hapa vinatumikia jambo hilo moja. Aliyekulia penye mbege, wanzuki au mnazi anaweza kushangaa kwa nini kuna tahadhari zote hizi, wakati nyumbani kwao pombe ilichachukia kwenye pipa lililofunikwa kwa jani la mgomba. Tofauti ni kwamba vinywaji hivyo hunywewa ndani ya siku chache, kabla siki haijawahi kushika hatamu, ilhali mvinyo unatakiwa ukae miezi.

Jambo zito kuliko yote hapa kwetu ni joto. Hamira nyingi za mvinyo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 28, na uchachukaji wenyewe huzalisha joto, hivyo kilichomo ndani ya chombo huweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Mwezi Februari mchana hufika nyuzi 32, usiku hautulii, na chini ya bati lisilo na dari hali huwa mbaya zaidi. Hamira ikipata joto la namna hiyo huchachua kwa pupa, harufu ya tunda hupotea, vinazaliwa vileo vizito vyenye ladha kali inayounguza koo, na pengine hamira hufa kabla haijamaliza sukari. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenye nafuu, kwa kuwa usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 19 au 20 na sakafu ya saruji hubaki baridi hata mchana.

Hapo panazuka mgongano ambao miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haiwezi kuutaja, kwa sababu huko haupo: msimu mkubwa wa maembe na mananasi huangukia kati ya Novemba na Februari, yaani wakati ule ule ambao nyumba zetu hazifai kwa kazi hii. Mwenye friji anaweza kununua tunda likiwa rahisi, kulimenya, kulikata na kuligandisha hadi Juni, na kugandisha huko kunasaidia, kwa sababu barafu hupasua nyama ya tunda na juisi hutoka kwa urahisi zaidi. Asiyekuwa na nafasi kwenye friji, au ambaye umeme wake hauaminiki, ni heri aanze na rosela iliyokaushwa, ambayo wengine huiita choya na ambayo hupatikana Kariakoo na katika masoko mengine mwaka mzima. Kwa maoni yangu rosela ndiyo mwalimu bora wa mara ya kwanza: haiozi ikisubiri, rangi yake inavutia, ina ukali, yaani asidi, wa kutosha kuzuia vijidudu, na haina nyuzinyuzi za kukuhangaisha wakati wa kuchuja. Gramu 60 hadi 80 zinatosha lita 5.

Chagua mahali pa kuweka chombo kabla hujawa na chombo. Mahali pazuri ni sakafuni, kwenye kona isiyopigwa na jua, mbali na jiko na mbali na mgongo wa friji ambao hutoa joto mchana kutwa. Uvungu wa kitanda si mahali pabaya. Weka chombo ndani ya beseni lenye maji, na uwe na chupa tatu au nne za maji yaliyogandishwa ambazo utazibadilisha asubuhi na jioni katika zile siku tano za mwanzo, kwani hapo ndipo hamira inapokuwa na vurugu zake. Njia ya kuviringisha kitambaa kibichi, ambayo inafanya kazi vizuri Dodoma penye hewa kavu, huku pwani ina faida ndogo, kwa kuwa hewa yetu imejaa unyevu na maji hayakauki upesi.

Kuhusu vyombo, utahitaji viwili: ndoo yenye mfuniko kwa siku za mwanzo, ambayo isijazwe zaidi ya robo tatu kwa sababu povu litapanda, na chombo cha shingo nyembamba kwa wiki zinazofuata, ambacho kinyume chake kinapaswa kujaa hadi karibu na shingo ili nafasi ya hewa iwe ndogo. Dumu la maji ya kunywa linafaa kwa kazi ya pili, na kioo kinafaa zaidi ukikipata. Kwa ndoo ya plastiki, geuza kitako uangalie alama ya pembetatu. Zenye namba 2 au 5 ndizo zinazotumika sana kwa chakula, lakini namba hiyo haiondoi historia ya ndoo. Iliyowahi kuwa na rangi ya nyumba, dawa au mafuta ya taa haisafishiki kwa matumizi haya, hata uisugue wiki nzima, na dumu lililokaa na mafuta ya kula hubaki na harufu. Ndoo ya bati isitumike kabisa, kwa sababu asidi ya tunda huyeyusha zinki iliyopakwa juu yake na kinywaji huweza kumdhuru mnywaji. Sufuria za alumini nazo hazipatani na asidi, na rosela ni kali; ichemshie kwenye sufuria ya stili.

Njia ya kutolea hewa haihitaji kifaa cha kuagiza. Toboa kizibo cha dumu, pitisha mpira mwembamba kama ule wa dripu, mpya kutoka duka la vifaa vya hospitali, ziba pembeni kwa nta au gundi isiyo na sumu, kisha ncha ya pili ya mpira izamishwe ndani ya chupa yenye maji. Hewa ya kaboni itatoka ikibubujika, na ya nje haitakuwa na njia ya kuingia. Nunua na mpira mwingine wa mita moja na nusu, mpana kidogo, wa kuhamishia mvinyo kutoka chombo hadi chombo bila kuumwaga na bila kuamsha mashapo yaliyotua chini.

Usafi hauhitaji maneno mengi, isipokuwa watu huchanganya kuosha na kuua vijidudu. Sabuni huondoa uchafu unaoonekana, na baada yake kila kitakachogusa mvinyo, hadi kijiko na chujio, kinahitaji hatua ya pili. Mwenye dawa maalumu za salfaiti atumie hizo, akikumbuka kwamba baadhi ya wenye pumu hudhurika nazo. Asiyekuwa nazo anaweza kutumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kijiko kimoja kikubwa kwa lita 4 za maji, akaacha vyombo vilowe dakika 20 na kuvisuuza kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu iishe kabisa. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki wala ndimu, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Maji nayo yaangaliwe. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi hiyo utaikuta kwenye glasi miezi minne baadaye. Maji ya bomba yachemshwe na kuachwa wazi yapoe ili klorini iondoke.

Hamira ya mikate itachachua, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi huchoka mapema, huacha ladha ya unga, na mashapo yake hayatulii vizuri. Pakiti ya hamira ya mvinyo ina gramu 5 na inatosha zaidi ya lita 20, kwa hiyo pakiti moja au mbili ukiziagiza zitakufikisha mbali. Ukichagua, tafuta inayovumilia joto. Ile iitwayo EC-1118 inakubali hadi nyuzi 30, na ndiyo maana wengi wa mikoa ya joto huipenda, ingawa wapo wanaolalamika kwamba inafuta harufu ya tunda. Angalia tarehe ya mwisho, kwa sababu hamira iliyokaa miezi kwenye rafu ya duka lenye joto huenda imekwisha kufa. Hamira pia inahitaji chakula kingine zaidi ya sukari, na rosela haina kingi. Kiganja cha zabibu kavu zilizokatwakatwa, pamoja na kijiko kidogo cha hamira ya mikate iliyochemshwa ikafa, husaidia.

Kama bajeti inaruhusu kifaa kimoja tu cha kununua, kiwe haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika. Gramu 17 hivi za sukari katika lita 1 hutoa asilimia 1 ya kileo, kwa hiyo kilo 1 katika lita 5 za mchanganyiko mzima italeta asilimia 11 au 12, na haidromita, ambayo katika maji matupu husoma 1.000, itasoma kama 1.077 siku ya kwanza. Ikishuka chini ya 1.000 na kubaki hapo hapo kwa vipimo viwili vilivyopishana siku tatu au nne, sukari imekwisha na kufungia chupa si hatari. Bila kipimo hicho utabaki kukisia, na kukisia ndiko kulikopasua chupa yangu ya Tabata.

Ukiazimia tunda bichi badala ya rosela, jua tabia yake. Nanasi lina ukali wake na hutoa mvinyo unaoeleweka. Embe ni tamu kwa harufu lakini pektini yake, ile inayogandisha jamu, hufanya mvinyo ubaki na ukungu. Papai halina ukali kabisa na bila maji ya ndimu litaharibika. Zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, zinavutia, ila utahitaji kilo 7 au 8 kwa lita 5, na hiyo si gharama ya kujifunzia.

Yapo pia maandalizi yasiyohusu vyombo. Katika nyumba yenye wapangaji sita na uani mmoja, harufu ya uchachukaji haifichiki, na pengine mama mwenye nyumba au jirani wa chumba cha pili ni mtu ambaye dini yake haimruhusu hata kukaa karibu na pombe. Kumweleza mapema kwa heshima, na kukubali akikataa, ni sehemu ya kazi. Chombo kiwe mahali ambapo watoto hawatakifikia. Usiuze, hata chupa moja kwa rafiki wa kazini, kwa kuwa biashara ya vileo ina leseni yake, viwango vya Shirika la Viwango (TBS) na stempu za Mamlaka ya Mapato (TRA). Na usijaribu kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake: gongo ni marufuku kisheria, na ukenekaji wa kubahatisha hukusanya sumu ya methanoli, ambayo katika mvinyo wa kawaida huwa kidogo mno.

Mwisho ni hesabu ya muda, ambayo ifanywe kwa kurudi nyuma kutoka siku unayotaka kunywa. Ukitia hamira wiki ya kwanza ya Juni, utauhamishia kwenye dumu baada ya siku tano hadi saba, utauhamisha tena katikati ya Julai ukiyaacha mashapo nyuma, na mara moja zaidi mwishoni mwa Agosti ukishaanza kung'aa. Anza sasa kukusanya chupa saba za mvinyo zilizotumika, kutoka kwa mtu unayemfahamu baani au hotelini, zenye vizibo vya kuzungusha, na uziloweke mapema kwa sababu lebo zake huganda kweli kweli. Chupa sita zitajaa Septemba. Ya saba, itakayopata nusu tu, inywe wiki hiyo hiyo ili ujue ulichotengeneza, kisha andika tarehe kwenye zile sita na uzirudishe uvunguni hadi Krismasi.