Kufunga redio kwenye pikipiki bila kuua betri

Redio nyingi za bodaboda hufa mapema kwa sababu zimeungwa kwenye waya wa taa ya mbele. Waya huo uko jirani na usukani, unafikika bila kufungua kiti wala tenki, na fundi mwenye haraka anaupenda. Lakini kwenye pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele haitumii betri kabisa. Inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneto, kifaa cha injini kinachozalisha umeme, na huo ni umeme wa AC: unageuza mwelekeo tena na tena, na unapanda na kushuka kila unapopiga resi. Redio inataka DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri. Ukiipa AC, ikiwa na bahati itavuma tu; isipokuwa na bahati itatoa moshi.

Kujua taa yako iko upande gani hakuhitaji kifaa. Injini ikiwa imezimwa, fungua swichi ya funguo na uwashe taa. Kama haiwaki mpaka injini ingurume, kisha inang'aa zaidi ukipiga resi, waya wake uache.

Kabla ya kununua chochote pima betri kwa multimeta, ukiiweka kwenye DC 20. Betri nzima iliyojaa na kupumzika saa chache inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Sasa washa injini, piga resi ya wastani, upime tena: namba ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikigoma kuvuka 13, chaji haifiki kwenye betri, na redio itamaliza kilichobaki. Ikipita 15, reguleta inayodhibiti volti za chaji imekufa. Tengeneza hilo kwanza, maana redio mpya haitadumu hapo.

Maandishi ya boksi yasikubabaishe. Redio iliyoandikwa wati 500 ingekula zaidi ya ampea 41 kwa volti 12, na magneto ya pikipiki ndogo haina umeme wa kiasi hicho. Ukweli uko kwenye fyuzi iliyokuja na redio: ikiwa ni ya ampea 3, redio hiyo ni ya wati 36 kwa kukisia juu sana. Hesabu ya kijiweni nayo ni rahisi. Betri ya Ah (ampea-saa) 5 ikitoa ampea 1 injini ikiwa imezimwa inakwisha kwa saa 5, lakini ikifika nusu stata itaanza kusuasua. Kwa hiyo ukisubiri abiria, usizidishe saa 2 za muziki.

Vifaa: waya mwekundu na mweusi wa milimita 1 hadi 1.5 za mraba, mita 2 kila mmoja. Kikasha cha fyuzi cha kuunga kwenye waya na fyuzi ya ampea 3 au 5. Vishikizo vya duara vya kufungia kwenye betri. Mpira mwembamba unaosinyaa ukipashwa moto. Na tai za plastiki. Rilei ya volti 12, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa, ni ya lazima tu kama utaongeza na chaji ya simu au spika kubwa. Redio ndogo peke yake, isiyofika ampea 2, inaweza kutumia waya unaopata moto (umeme wa chanya) funguo ikifunguliwa.

Toa kwanza waya wa hasi kwenye betri, chanya baadaye. Ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, ni shoti papo hapo. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho.

Kwa rilei, toa waya mwekundu kwenye chanya ya betri, upite kwenye fyuzi, uingie pini 30. Pini 87 iende kwenye waya mwekundu wa redio. Pini 85 iende ethi, yaani upande wa hasi. Pini 86 inataka waya unaopata moto kwa funguo, na rahisi kuupata ni kwenye swichi ya breki ya nyuma: kati ya waya zake mbili, mmoja unasoma volti 12 za DC funguo ikifunguliwa bila breki kukanyagwa, na sifuri ikifungwa. Rangi usiziamini, kila kampuni ina zake. Bila rilei, waya huohuo unapita kwenye fyuzi na kwenda redioni.

Fyuzi iwe ndani ya sentimita 15 kutoka unapochukulia moto. Kazi yake ni kulinda waya usiungue ukichubuka njiani. Ukiiweka karibu na redio, urefu wote wa nyuma hauna ulinzi.

Waya mweusi uupeleke mpaka kwenye hasi ya betri yenyewe. Boliti ya fremu yenye rangi na kutu ni ethi mbovu, na ndiyo chanzo cha nusu ya kelele utakazozisikia.

Pitisha waya chini ya tenki, mbali na silinda na bomba la moshi. Ukifika shingoni, pale usukani unapozungukia, acha ulegevu, kisha zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho; waya usivutwe wala kubanwa. Maungio yabanwe kwa vishikizo na kuvikwa mpira. Kusokota waya na kuzungushia tepu hakudumu: jua linalainisha gundi, maji yanaingia, shaba inakuwa kijani. Waya unaoingia redioni uning'inie kidogo chini kabla ya kupanda, ili mvua idondoke hapo.

Spika kila moja iwe na waya zake mbili kutoka redioni. Hasi ya spika usiipeleke ethi hata siku moja, kwani kwenye redio nyingi za siku hizi upande huo nao una umeme, na ukigusa fremu IC (chipu) ya sauti inaungua. Usiunge spika mbili za ohm 4 sambamba kwenye tundu moja. Zinakuwa ohm 2 na redio inachemka.

Kelele ichunguze kwa kucheza wimbo kutoka kwenye flashi. Ikiwa mlio unaopanda na resi upo hata hapo, unaingia kwa waya za umeme: kagua ethi, halafu unga kapasita ya 2200 µF, volti 25, kati ya chanya na hasi karibu na redio, ukizingatia upande wa hasi uliochorwa mstari. Ikiwa kelele ipo kwenye FM tu, inatoka kwenye plagi. Weka plagi yenye herufi R ya rezista, kama DR8EA badala ya D8EA, au kofia yenye rezista ya kilo-ohm 5, na usogeze antena mbali na koili ya plagi. Antena ya waya wa kawaida ikatwe sentimita 75.

Fyuzi ikikatika mara ya kwanza, badilisha. Ikikatika tena, usivishe karatasi ya sigara wala kupandisha ampea. Chomoa redio: ikikatika hata redio ikiwa nje, waya umechubuka mahali, na pa kuanza kutafuta ni shingoni.