Sanduku la AVEC: kuanzia kufuli tatu hadi hesabu ya mgawo

Jambo wamama, wapapa na vijana wa Bukavu. Tangu mabenki yafunge milango hapa mjini Februari 2025, wengi mnaniuliza pesa ya nyumba iwekwe wapi. Mimi niko mwaka wa saba kwenye AVEC, yaani kikundi cha majirani cha kuweka akiba na kukopeshana, na naandika kazi yenyewe kama tunavyoifanya, maana nimeona vikundi vizuri vikivunjika kwa siku moja: siku ya mgawo, pale ambapo mwandishi peke yake ndiye anayejua hesabu.

AVEC si likirimba. Kwenye likirimba kila mtu anatoa kiasi kilekile, mmoja anabeba zote, na zamu inazunguka. Inafaa ukitaka kununua kitu kimoja kikubwa. Lakini anayebeba wa mwisho anarudishiwa kile alichotoa tu, na mtoto akiugua kabla ya zamu yako, utaenda kulia kwa majirani. AVEC inaweka akiba, inakopesha, na mwisho wa mzunguko inagawa vyote pamoja na faida. Wanawake wa Maradi, kule Niger, ndio walioianza mwaka 1991 wakisaidiwa na shirika la CARE, wakiwa na sanduku na vichwa vyao tu.

Hatua ya 1: watu. Kumi na watano hadi ishirini na watano wanatosha. Chagueni wale ambao wakichelewa kulipa, hamtaona haya kuwagongea mlango.

Hatua ya 2: bei ya hisa. Kila wiki mwanachama ananunua hisa 1 hadi 5. Msipange bei kwa kumwangalia mwenye duka la Nyawera. Mwangalieni mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakati wa mwezi mpevu, usiku ambao taa za wavuvi haziwavuti samaki na beseni lake linabaki nusu. Kama hata wiki hiyo anaweza kununua hisa moja, bei ni sawa. Sisi tuliweka franka 2,000.

Hatua ya 3: sanduku na funguo. Sanduku la chuma, kufuli tatu, wenye funguo watatu kutoka nyumba tatu, na anayelaza sanduku nyumbani kwake asiwe na ufunguo hata mmoja. Hapa nasema kwa uchungu. Mwaka wetu wa kwanza funguo mbili zilikuwa kwa mawifi wanaoishi nyumba moja, na ya tatu kwa jirani aliyekuwa akiwaachia akisafiri. Wiki ya ishirini tulihesabu, zikapungua franka 85,000. Hatukujua nani mpaka leo. Tuliziba kwa faida ya wote, na wamama wawili waliondoka wakilia.

Hatua ya 4: mkutano. Kabla ya kufungua, wote wanataja kwa sauti kiasi kilichobaki wiki iliyopita. Wote, si mwandishi tu. Kisha sanduku linafunguliwa, pesa inahesabiwa mbele za watu, na kila hisa inagongwa muhuri mmoja kwenye kitabu cha mwanachama. Kuna mama kwetu ambaye hakuwahi kukaa darasani. Anapitisha kidole juu ya mihuri yake, mmoja mmoja, midomo ikitembea, na hajawahi kukosea. Ndiyo maana tunagonga muhuri badala ya kuandika tarakimu.

Pembeni kuna mfuko wa msaada, ambao wengine huuita sosiale, wa kilio na ugonjwa. Uwe na kitambaa chake na hesabu yake. Usichanganywe na hisa.

Hatua ya 5: mikopo. Kila wiki ya nne. Mtu asikope zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na alipe ndani ya miezi mitatu. Kwetu riba ni 5 kwa mia kwa mwezi: ukichukua 100,000, mwezi unalipa 5,000 juu ya deni. Mkopesheni anayeweza kueleza pesa itarudi kwa njia gani. Siku hizi nasisitiza pia jambo hili: pesa itoke ikafanye kazi, sanduku lilale jepesi. Mwizi akivunja sanduku tupu amepata chuma.

Hatua ya 6: mgawo. Shikeni kalamu. Mikopo yote irudi kwanza. Tuchukue kikundi cha watu 15 waliokutana wiki 40 na kununua hisa 1,800. Walizolipa ni 1,800 × 2,000 = 3,600,000. Sanduku, pamoja na riba na amendi (faini), lina 4,320,000. Gawanya 4,320,000 kwa 1,800: kila hisa sasa ni 2,400. Mwenye mihuri 150 aliweka 300,000, anabeba 360,000. Mwenye 60 aliweka 120,000, anabeba 144,000. Fanyeni hesabu hiyo kila mmoja nyumbani kabla ya siku yenyewe, hata kwa simu ya mtoto.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama, Panzi: Mume wangu anadai nimletee kitabu changu nyumbani akione. Nifanye nini?

Mama, kitabu kinalala ndani ya sanduku, ni sheria ya kikundi kizima. Mwalike papa aje siku ya mkutano, akione mbele ya wote. Kikitoka, muhuri unaweza kuongezwa.

Papa, Bagira: Kwa nini tusiweke kwa dola? Franka inaanguka.

Ni kweli, papa. Mwanzo wa 2016 dola 1 ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600. Lakini Septemba na Oktoba 2025 franka ikapata nguvu ghafla, na aliyeweka dola akapata franka chache kuliko alivyotegemea. Na waliokopa dola huku wakiuza kwa franka, nao wanaumia kila franka inapoanguka. Wekeni kwa pesa mnayoingiza. Mkichagua dola, kagueni kila noti: ikichanika kidogo pembeni, sokoni Kadutu wanaikataa. Na msichanganye mbili kwenye sanduku moja.

Kijana, Kadutu: Kuna mtu kwenye simu anaahidi kurudisha mara mbili baada ya siku 30, ukileta na wenzako.

Usitume. Anayelipwa leo analipwa na pesa ya aliyeingia jana, na wenzako uliowaleta watakudai wewe.

Mama, Nguba: Nimepata 360,000 za mgawo. Ninunue kiwanja kwa kulipa kidogokidogo?

Kwanza toa pesa ya shule na mtaji wa bidhaa, maana mwaka jana wengi walikula mtaji wakabaki na risiti. Kiwanja kije baadaye, na usimpe mtu hata malipo ya kwanza kwa karatasi ya mkono tu. Ardhi ya Kongo ni ya Serikali tangu sheria ya 1973, na kinachokulinda ni hati ya usajili. Nenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, uulize jina la nani limeandikwa, ndipo urudi kwa muuzaji.