Namna ya Kuifikia Rekodi ya Kale Iliyo Chini ya Wimbo wa Hip-Hop

Vijana wengi wa Kirumba na Igoma hapa Mwanza wanaweza kughani "Shook Ones, Part II" ya Mobb Deep tangu mwanzo hadi mwisho, lakini ukiwauliza ile sauti nzito iliyo chini ya mashairi ilitoka wapi, watakujibu kuwa ni biti tu. Hawana kosa, kwa sababu wimbo huo ulitoka mwaka 1995, na wapenzi wa muziki huu duniani walihangaika hadi mwaka 2011 ndipo ikabainika kuwa ni piano ya Herbie Hancock katika "Jessica" ya mwaka 1969, iliyokatwakatwa na kubadilishwa sauti. Ndiyo maana nashauri kazi hii ya kuitafuta rekodi ya kale ambayo kipande chake kilikatwa kutengenezea biti ianze kwa sikio, si kwa simu.

Tafuta kwanza toleo la ala tupu la wimbo unaouchunguza, ulisikilize kwa hedifoni mahali palipotulia. Nilijaribu kufanya hivyo nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, na mngurumo wa injini ukalimeza besi lote. Sikiliza kile kipande kinachojirudia, ambacho mara nyingi hakizidi sekunde chache, utambue ni ala gani inayopigwa, kisha ukiimbe kwa mdomo mbele ya mtu mzima aliyecheza disko miaka ya 1970 na 1980. Wazee wetu wanajua mengi kuliko tunavyodhani.

Ukikwama, shughulikia kasi. Mashine ya kunasa vipande vya sauti ya SP-1200, iliyotumiwa sana na watayarishaji wa New York kuanzia mwaka 1987, iliweza kuhifadhi sauti ya takriban sekunde 10 tu, kwa hiyo walizungusha santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45 ili kipande kiwe kifupi, halafu wakakipunguza kasi ndani ya mashine. Kipande hakikurudi kila mara katika hali yake ya asili. Fungua programu ya kuhariri sauti ya Audacity, ambayo ni ya bure, uongeze na kupunguza kasi kidogo kidogo hadi ala isikike kama inavyopigwa na binadamu. Shazam, programu ya simu ya kutambua nyimbo, haitakufaa sana hapa, kwani kwa kawaida itakutajia wimbo uleule wa hip-hop unaotaka kuuvuka.

Baada ya hapo soma majina ya watunzi. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilitoa uamuzi dhidi ya rapa Biz Markie kwa kutumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu hapo kampuni za muziki zikawa makini zaidi kuomba kibali na kuwataja watunzi wa awali. Tatizo letu ni kwamba kaseti nyingi zilizozagaa hapa mjini zilidurufiwa. Ile niliyoachiwa na mjomba ina maandishi ya kalamu tu, "Rap Namba 3". Basi tafuta picha ya jalada halisi mtandaoni. Jina la Stevie Wonder kwenye "Gangsta's Paradise" ya mwaka 1995 litakupeleka moja kwa moja kwenye "Pastime Paradise" ya mwaka 1976.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba si kila kipande kilinakiliwa: katika "Rapper's Delight" ya mwaka 1979, wanamuziki wa studio waliupiga upya mdundo wa "Good Times" ya Chic, hivyo usitarajie sauti zilingane kabisa. Wa pili unatugusa Watanzania. Saleh Jabir alipoimba "Ice Ice Baby" kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini yake alikuwapo Vanilla Ice, rapa mwenye wimbo huo kwa Kiingereza, na chini ya Vanilla Ice lilikuwapo besi la "Under Pressure" ya Queen na David Bowie ya mwaka 1981. Ukifika kwenye tabaka la kwanza, endelea kuchimba.

Mwisho, ukishaipata rekodi yenyewe, isikilize yote kabla ya kusema siyo. Katika "Amen, Brother" ya The Winstons ya mwaka 1969, ngoma za Gregory Coleman, zilizotumiwa katika nyimbo nyingi mno bila yeye kulipwa, zinabaki peke yake kwa takriban sekunde 7 tu, tena baada ya dakika moja na sekunde 26.