Somo: Kupima kama silojisimu ni halali

Ndugu zangu, silojisimu ni hoja yenye kauli mbili tangulizi na hitimisho moja. Leo tuanze na hii:

Popo wote ni mamalia.
Baadhi ya mamalia huruka.
Kwa hiyo, baadhi ya popo huruka.

Kauli zote tatu ni za kweli, na wengi wataipitisha hapohapo. Lakini hoja yenyewe ni batili. Swali letu si kama hitimisho ni la kweli, bali kama kauli mbili tangulizi zinalilazimisha.

Hatua ya 1: Nyoosha kauli. Kila kauli iingie katika umbo mojawapo: X wote ni Y, hakuna X aliye Y, baadhi ya X ni Y, baadhi ya X si Y. Hapo juu, "huruka" iwe "ni viumbe warukao". "Si X wote ni Y" inaingia umbo la nne.

Hatua ya 2: Tafuta neno la kati. Maneno, yaani majina ya makundi, yawe matatu tu, kila moja likitumika mara mbili kwa maana ileile. Lililomo katika tangulizi zote mbili na halimo katika hitimisho ndilo la kati. Hapa ni "mamalia".

Hatua ya 3: Angalia maneno yaliyoenea. Neno limeenea pale kauli inapogusa kundi lake zima. Katika "wote" limeenea la kwanza tu. Katika "hakuna", yote mawili. Katika "baadhi ni", hakuna hata moja. Katika "baadhi si", la pili tu. Hili la mwisho husumbua: ukisema baadhi ya ndege si waogeleaji, umewatoa ndege hao nje ya kundi zima la waogeleaji.

Hatua ya 4: Pitisha kanuni. Neno la kati lienee angalau mara moja. Neno lililoenea katika hitimisho liwe limeenea pia katika tangulizi. Tangulizi zote mbili zikikanusha, hakuna hitimisho. Ikikanusha moja, hitimisho nalo likanushe. Na hitimisho halikanushi bila tangulizi moja kukanusha.

Rudi kwa popo. "Mamalia" halijaenea popote, kwa hiyo hoja imeanguka. Hakikisha mwenyewe: weka "nyangumi" mahali pa "popo". Nyangumi wote ni mamalia, baadhi ya mamalia huruka, kwa hiyo baadhi ya nyangumi huruka! Umbo ni lilelile, tangulizi ni za kweli, hitimisho ni la uongo. Mimi naupenda ukaguzi huu kuliko kanuni zote, maana unamshawishi hata asiyezijua.

MASWALI

Mwalimu, "mbwa wote ni mamalia, hakuna paka aliye mbwa, kwa hiyo hakuna paka aliye mamalia" inakosea wapi? "Mbwa" limeenea.
Ni kweli, neno la kati liko salama. Tazama "mamalia": limeenea katika hitimisho, lakini katika tangulizi halijaenea.

Ndege wote huruka, mbuni wote ni ndege, kwa hiyo mbuni wote huruka. Hii nayo ni batili?
Hapana, ni halali kabisa. Kosa liko katika tangulizi ya kwanza, ambayo si ya kweli. Ukitaka kuipinga, pinga hiyo, usiguse umbo.

"Wanachama tu ndio wanaopiga kura" naiandikaje?
Igeuze: wanaopiga kura wote ni wanachama. Usiandike "wanachama wote wanapiga kura". Hiyo ni kauli nyingine.

Kwa nini vitabu vingine vinataja maumbo halali ya silojisimu 24 na vingine 15?
Maumbo yote ya silojisimu, halali na batili, ni 256. Mapokeo yanayotokana na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, huchukulia kwamba kundi linalotajwa lina watu au vitu ndani yake, ndipo yanapatikana 24. Mantiki ya kisasa hairuhusu kutoa "baadhi" kutoka tangulizi mbili za "wote" au "hakuna", kwa sababu kundi linaweza kuwa tupu. Hapo yanabaki 15. Ukifanya mtihani, soma kwanza wanafuata upande upi.