Matairi manne, sekunde mbili

Wenzangu wenye vibanda vya samaki hapa Malindi, jaribuni hili. Kwenye mashindano ya mbio za magari ya Formula 1, gari likiingia kubadilishwa matairi, kila gurudumu lina watu watatu: mmoja anafungua na kukaza nati, wa pili anatoa tairi kuukuu, wa tatu anavisha jipya. Mwaka 2023 huko Qatar, timu ya McLaren ilimaliza yote manne kwa sekunde 1.80. Si wepesi wa mikono peke yake. Gari linakuta kila kitu kimeshashikwa.

Mimi nilikuwa napima, napara magamba, napokea pesa, kisha natafuta kisu huku mteja amesimama na changu wake anadondosha maji. Sasa kabla ngalawa hazijafika, visu vimenolewa, barafu imepondwa, mifuko imetundikwa kwenye msumari kando ya mizani. Kijana mmoja anapara tu. Dada anapima na kupokea pesa, kisu hakigusi kabisa.

Na hili msiliruke: jioni tunakaa dakika tano, tunaulizana leo foleni ilikwama wapi. Juzi ilikwama kwa kukosa chenji. Siku hizi tunaitafuta alfajiri.